Kutoka inchi 10 hadi inchi 6: historia ya kupunguza keki, kuanzia karani Ahmes hadi jiko la mkaa

Tuanze na swali dogo, na simu iache mezani. Resipi ya keki imeandikwa kwa sufuria ya duara ya inchi 10. Wewe uliyonayo ni ya inchi 6. Viungo utavipunguza kwa kiasi gani?

Wengi wanajibu haraka: sita kwa kumi, basi ni zaidi kidogo ya nusu. Wengine, kwa urahisi wa hesabu, wanasema nusu kamili. Jibu sahihi ni asilimia 36, yaani theluthi moja na chenji. Ukimwambia mtu hivyo mara ya kwanza anakuangalia kama vile unataka kumpunja.

Hapa Tengeru swali hili halikai darasani. Keki kubwa za harusi zina mafundi wake mjini Arusha, na hata huko harusini ndafu naye anaitwa keki, tena ndiye anayesubiriwa kwa hamu zaidi. Lakini keki ndogo za ubatizo, kipaimara, mahafali na siku ya kuzaliwa ya mtoto wa jirani zinaokwa majumbani, na dada au mama aliyejifunza kwa shangazi yake au mtandaoni, kwa jiko la mkaa au la gesi. Mteja ana hela ya keki ndogo. Resipi aliyonayo mpishi ni ya keki kubwa. Anaigawa nusu, anamimina kwenye sufuria ndogo, na baada ya saa nzima anafunua: pembeni imeungua, katikati uji. Mayai, siagi na sukari ndio vimekwenda, na keki moja iliyoharibika inaweza kumeza faida ya wiki. Akibahatika ikaiva, bado kuna suala la bei, na hapo kosa lile lile la hesabu linamrudia kwa mlango mwingine.

Sasa twende Misri, maana hesabu hii imefanyiwa Afrika zamani sana.

Karibu mwaka 1550 KK, karani mmoja jina lake Ahmes alinakili kwenye mafunjo mkusanyiko wa maswali ya hesabu kutoka kwenye maandiko ya zamani zaidi. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na leo yako British Museum, London. Ni kama daftari la mazoezi la kufundishia makarani: namna ya kugawa mikate kwa wafanyakazi, namna ya kujua ghala la duara linabeba nafaka kiasi gani, namna ya kupima shamba.

Swali la 50 linauliza eneo la shamba la duara ambalo kipenyo chake ni vipimo 9. Ahmes anasema: toa moja ya tisa ya kipenyo. Tisa toa moja, inabaki nane. Zidisha nane kwa nane. Jibu ni 64.

Ukifanya kwa pai tuliyofundishwa sekondari, unapata 63.6. Karani yule alikosea kwa chini ya asilimia moja, bila pai yoyote. Alichofanya ni kuligeuza duara kuwa mraba unaolingana nalo: duara la 9 ni sawa na mraba wa 8. Sasa fungua kitabu chochote kizuri cha mapishi, nenda kwenye jedwali la kubadilisha vyombo. Utakuta wameandika kwamba sufuria ya duara ya inchi 9 inaweza kubadilishwa na trei ya mraba ya inchi 8. Kumbe ni swali la 50 la Ahmes, neno kwa neno, ila shamba limegeuka keki.

Siri iko kwenye ile hatua ya kuzidisha nane kwa nane. Eneo la duara halifuati kipenyo, linafuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Ndiyo maana kwa duara na duara huhitaji hata pai, inajikata yenyewe. Kumi mara kumi ni 100. Sita mara sita ni 36. Basi. Kutoka inchi 10 kwenda 8 unabaki na asilimia 64, kutoka 9 kwenda 6 unabaki na asilimia 44, na kutoka 10 kwenda 5, yaani nusu ya kipenyo, unabaki na robo tu.

Ahmes hakuishia kwenye maduara. Katika mafunjo yale yale kuna maswali kadhaa ya mikate, na Wamisri walikuwa na kipimo walichokiita pesu: idadi ya mikate inayotoka kwenye hekat moja ya nafaka, ambayo ni karibu lita 4.8. Pesu ikiwa kubwa, mkate ni mdogo. Swali la 72 linauliza: mtu ana mikate 100 ya pesu 10, anataka kubadilishana na mikate ya pesu 45, apewe mingapi? Jibu ni 450. Hakuna aliyeangalia mkate kwa macho na kusema "huu unaonekana kama nusu ya ule". Waliuliza umekula nafaka kiasi gani.

Hapo ndipo bei zetu zinapoyumba. Tuseme keki ya inchi 10 unauza shilingi 50,000. Mteja anaomba ya inchi 6. Ukikadiria kwa macho utamwambia 30,000, naye atahisi ameonewa akiiona mezani, kwa sababu keki yenyewe ni theluthi tu ya ile kubwa. Ukienda kwa viungo peke yake unapata 18,000, na hapo utakaumia wewe. Kwa nini? Kwanza mkaa haujali sana kipenyo, boksi na muda wako pia. Pili kuna aisingi, na aisingi haipungui kama keki inavyopungua.

Hili la pili alilieleza Galileo katika kitabu chake cha 1638, kilichochapwa Leiden wakati yeye mwenyewe akiwa kwenye kifungo cha nyumbani karibu na Florence. Kitu kikipungua ukubwa, ujazo wake unapungua haraka kuliko ngozi yake ya nje. Yeye alikuwa anazungumzia mihimili na mifupa ya wanyama, lakini weka keki hapo. Keki ya inchi 10 yenye kimo cha inchi 3, juu na pembeni, ina eneo la kupaka kama inchi za mraba 173. Ya inchi 6 yenye kimo hicho hicho ina 85. Kwa hiyo keki ni asilimia 36 ya ile kubwa, lakini aisingi ni asilimia 49. Keki ndogo inakula aisingi zaidi kwa kila kipande, na inakauka upesi zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Bei ya haki iko mahali fulani kati ya 18,000 na 30,000, na ukiweza kuonyesha ulivyoipata, mteja anaelewa.

(Na huu utaratibu wetu wa kuuza keki kwa kilo, keki ya kilo moja, keki ya nusu kilo, mimi naupenda. Ni pesu ya Kitanzania. Shida yake ni moja: kilo hiyo ni ya unga au ya keki ikishaiva? Uliza kabla ya kutoa hela.)

Turudi kwenye resipi. Kwa karne nyingi hazikutaja ukubwa wa chombo kabisa. Hannah Glasse, Mwingereza, alitoa kitabu chake cha mapishi mwaka 1747, na ndani yake kuna keki ya ratili: ratili moja ya siagi, ratili ya unga, ratili ya sukari, na mayai 12 ambayo nusu ya ute wake mweupe unaachwa. Piga kwa mkono saa nzima, paka chombo siagi, mimina, oka. Chombo gani? Hasemi. Aliyekuwa anasoma alijua vyombo vya nyumbani kwake na tanuri la kwake. Wafaransa nao wana keki ya aina hiyo wanayoiita robo nne, kwa sababu viungo vinne vinalingana uzito.

Resipi ya uwiano namna hiyo ni rahisi mno kupunguza. Pima mayai yako kwenye mzani, halafu unga, sukari na siagi viwe na uzito uo huo. Yai moja la kawaida bila ganda lina kama gramu 50. Una mayai mawili? Unga gramu 100, sukari 100, siagi 100. Umemaliza, na hukuhitaji kujua kipenyo cha mtu yeyote.

Mambo yalibadilika pale vipimo vya vikombe vilipotawala. Mwaka 1896 Mmarekani Fannie Farmer alitoa kitabu cha shule ya mapishi ya Boston, na humo akasisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa kwa kisu, badala ya "siagi ya ukubwa wa yai" na lugha kama hizo. Lilikuwa jambo kubwa. Mtu asiyemjua mwalimu wala jiko la mwalimu aliweza kupata keki ile ile.

Sisi tulikuwa na vyetu. Pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na hivyo vyote ni vipimo vya ujazo kama kikombe cha Farmer. Mwenye kibaba chake hakuwa na shida ya kupunguza: pishi ikawa kibaba, basi umepata robo.

Ila yai halipimwi kwa kibaba wala kikombe. Hapo ndipo resipi nyingi za mtandaoni zinapotuvunja moyo. Mwandishi anasema vikombe vitatu vya unga, na kikombe chake cha Kimarekani ni kama mililita 237. Wewe unachota na kikombe cha chai cha nyumbani, cha mililita 300. Unga umeongezeka, sukari imeongezeka, maziwa yameongezeka, lakini mayai yamebaki manne yale yale. Ukipunguza resipi ukiwa na kosa hilo ndani yake, unalipunguza na kosa. Afadhali kwanza igeuze yote kuwa gramu, ndiyo uanze kuzidisha.

Na asilimia 36 ya mayai manne ni yai moja na nusu hivi. Nusu yai unalipataje? Livunje kwenye bakuli, likoroge kiini na ute vichanganyike kabisa, kisha pima gramu 25, au vijiko viwili vya chakula vikiwa pungufu kidogo. Lililobaki linaingia kwenye chapati ya mayai.

Mpaka hapa tumejibu swali la kiasi. Lile la muda ni gumu zaidi, na ndilo linalounguza keki.

Mwaka 1798 Napoleon alipoivamia Misri alikwenda na wanasayansi, na mmoja wao alikuwa Joseph Fourier, ambaye alikuwa katibu wa taasisi ya wasomi waliyoianzisha Cairo. Aliporudi Ufaransa alijikita kwenye swali moja: joto linasafirije ndani ya kitu kigumu? Kitabu chake kilitoka 1822, na wanafunzi wa uhandisi hadi leo wanalia nacho. Kinachotuhusu sisi ni kimoja tu. Muda wa joto kufika katikati ya kitu haufuati unene, unafuata unene ukizidishwa kwa wenyewe. Mchanganyiko wa keki ukiwa na kina mara mbili, joto linahitaji kama mara nne ya muda kufika katikati. Jikoni huwa haifiki nne kamili, kwa sababu kuna mvuke na hewa ya moto vinavyosaidia, lakini mwelekeo ni huo.

Sasa mrudie yule aliyegawa resipi ya inchi 10 nusu akamimina kwenye inchi 6. Alihitaji asilimia 36, akaweka 50. Mchanganyiko wake umepanda kina kwa asilimia 39. Zidisha 1.39 kwa 1.39: unapata karibu mara mbili. Yaani keki ndogo, ambayo kila mtu anatarajia iive haraka, inataka karibu muda mara mbili kuliko keki kubwa. Mpishi anaona pembeni pamekuwa kahawia, anaipua. Katikati joto halijafika. Jiko limefanya kazi yake na unga haukuwa mbovu, kilichomwangusha ni kina.

Waliofanya vizuri hapa ni wapishi wa pwani, na hawakumsoma Fourier. Chukua mkate wa mayai wa Zanzibar: mayai na sukari vinapigwa mpaka vinakuwa vyeupe na vizito, unga unaingizwa taratibu, iliki, na basi, hakuna hamira wala bekingi pauda, kinachouinua ni hewa iliyonaswa kwenye mayai. Sufuria inapakwa mafuta, inafunikwa, na moto unapaliwa juu na chini, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Wengi tumekulia kwenye keki zilizookwa hivyo hivyo hata huku bara.

Angalia kinachotokea kwa hesabu. Moto ukiwa chini peke yake, joto linatakiwa kuvuka unene wote wa keki. Moto ukiwa juu na chini, kila upande unasafiri nusu tu ya njia, na nusu kwa nusu ni robo. Kwa makaa machache juu ya mfuniko umepunguza muda wa kuivisha katikati kwa kiasi kikubwa, na chini hapapati nafasi ya kuungua. Nadhani ni moja ya mbinu safi kabisa za fizikia zilizowahi kufanyika kwenye jiko la nyumbani, na tunaichukulia kama umaskini wa kukosa oveni.

Ulaya ya kati walitatua tatizo hilo kwa njia nyingine: walitoboa katikati. Babka, keki ndefu ya Pasaka ya Wapolandi, huokwa kwenye chombo kirefu ambacho mara nyingi kina bomba katikati, ili joto lipite na kwa ndani. Hata keki ikiwa ndefu, hakuna sehemu iliyo mbali na ukuta wa moto. Nimewataja Wapolandi kwa sababu wana historia hapa hapa. Kuanzia 1942 Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi karibu 5,000 wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu kwenda ndani ya Urusi ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941, kisha wakapitia Iran hadi Tanganyika. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Ukienda kuyaona, chukua nusu saa usome majina taratibu.

Sasa kazi. Tuseme resipi ya inchi 10 ina unga gramu 450, sukari 350, siagi 300, mayai 6, maziwa mililita 250 na bekingi pauda vijiko vinne vya chai. Kwa inchi 8 unazidisha kila kitu kwa 0.64: unga 290, sukari 225, siagi 190, mayai manne, maziwa 160, bekingi pauda vijiko viwili na nusu. Kwa inchi 6 unazidisha kwa 0.36: unga 160, sukari 125, siagi 110, mayai mawili, maziwa 90, bekingi pauda kijiko kimoja na nusu kisijae. Ona mayai yanavyoshuka: sita, manne, mawili. Hiyo ni rahisi kukumbuka kuliko desimali, na kwa resipi ya mayai sita unaweza kuanzia hapo na kupanga vingine.

Kina kikibaki kile kile, muda haupungui sana, kwa sababu njia ya kutoka juu hadi chini ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba ukuta wa pembeni uko karibu zaidi na katikati. Keki iliyokuwa inachukua dakika 50, anza kuichungulia kwenye 35. Usiichungulie kwenye 15; ukifunua mapema inakaa chini na haitanyanyuka tena. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu ipua.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo resipi za pwani na za ng'ambo hazilitaji. Tengeru iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 13, na maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Gesi ya bekingi pauda inavimba zaidi, keki inapanda kwa mbwembwe kabla haijashika, halafu inazama katikati. Kwenye sufuria ndogo yenye kuta karibu karibu inaonekana zaidi. Kile kijiko kimoja na nusu kisijae nilichoandika juu, fanya kimoja na robo, na usijaze sufuria zaidi ya nusu.

Mchanganyiko ukibaki, usiushindilie kwenye sufuria kwa uchungu wa kuutupa. Umimine kwenye vikopo vidogo vya kwini keki. Unene wake ni mdogo, kwa hiyo vinaiva ndani ya dakika 15 hadi 20 kwenye makaa yale yale ambayo ulikuwa unayaacha yazime, na asubuhi vinauzika na chai.